Mabawa Yaliyoelekea Mbele

Riyadh
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Shemeji Euphrasia,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu sina. Usishtuke, haijaibiwa. Mwezi uliopita kampuni ilinitoa kwenye ghala la Sulay ikaniweka karakana iliyo nyuma yake, yenye ukuta mrefu na walinzi. Simu tunaziacha langoni. Tunalala humo humo mpaka kazi iishe, na Ijumaa tunarudishiwa simu kwa dakika kumi, mlinzi akiwa amesimama kando. Dakika hizo zote huishia kwa Mama, maana lazima aanze na habari za kuku.

Zablon, yule dereva Mkisii aliyekuletea sufuria mwaka jana, ndiye analeta chakula cha kambi na kwenda kuchukua mizigo bandarini Jeddah. Amekubali kubeba barua. Ataziacha kwa yule Myemeni wa mtaa wa Kandara huko Jeddah anayeuza kadi za simu, pale unapopita siku yako ya mapumziko.

Kazi yenyewe ni kulainisha mabawa ya ndege kwa msasa na kuyapaka rangi. Ndege ni ya jeshi, ya majaribio, na ya aina yake iko hiyo moja tu. Jina hatuambiwi, tunajua namba. Shemeji, ungeyaona hayo mabawa. Ndege zote ulizowahi kuona mabawa yake yamelala nyuma, kama ya mbayuwayu akiteremka. Haya yameelekea mbele, kama mtu anayenyoosha mikono apokee mtoto. Siku ya kwanza nilidhani wameyafunga kinyume, nikamwuliza mkaguzi wetu, Charles, Mtanzania wa Moshi. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alisema yameumbwa hivyo ili ndege igeuke haraka angani kuliko nyingine.

Wala si bati. Ni nyuzi nyeusi zilizofumwa kama kitambaa, tabaka juu ya tabaka, zikashikwa kwa gundi na kuokwa kwenye tanuri kubwa kama nyumba. Mimi niliyezoea kupaka rangi milango ya magari ya Probox nimebaki kuyatazama tu.

Jumatano nilipata mshtuko. Klampu, kile chuma kizito cha kubania, ilinitoka mkononi nikiwa juu ya ngazi, ikaangukia bawa la kushoto. Nilikuwa peke yangu. Nikashuka, nikapitisha kiganja pale mara mbili, mara tatu, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye magari kule Webuye. Hapakubonyea. Hata mkwaruzo hakuna. Unakijua kiganja changu. Kaka Duncan alikuwa akisema kinaona kuliko macho yake. Nikamshukuru Mungu, na jioni nikatia saini kadi ya zamu kama kawaida, kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake tukapaka rangi. Sasa bawa linang'aa kama kioo.

Habari za mabawa usimwambie mtu. Tuliapishwa.

Shemeji yako,
Wesley Wafula


Jeddah
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Shemeji Wesley,

Barua yako ilinifikia ikinuka vitunguu, nikajua kweli imesafiri na Zablon. Niliisoma chumba cha kufulia, mashine ikizunguka, ili madam asisikie nikicheka peke yangu. Lakini nilicheka mwanzo tu. Nilipofika neno jeshi niliikunja, kisha nikaikunjua tena. Je, ndege hiyo ikikamilika nani atakaa ndani yake? Ana mama? Na ninyi mnaoitengeneza, ikitokea kitu, mtaulizwa ninyi? Najua wewe ni fundi. Hata kaka yako alikuwa fundi.

Mwezi wa sita ilitimia miaka mitatu tangu aanguke kutoka lile jukwaa la ujenzi Eldoret. Nilikuwa sijakuambia jambo hili dogo. Duncan alikuwa akichonga penseli yake ya seremala kwa kisu, asubuhi, amesimama dirishani, na maganda yakibaki pale pale. Kila siku nilimgombeza na kila siku nilifuta. Alipokwenda sikufuta tena. Nilipoondoka kuja huku yalikuwa bado pale, nikamwomba Mama asiyaguse.

Mama ni mzima. Mitchelle wangu yuko darasa la nne na anataka viatu vyenye kamba. Alvin amewalimia shamba lote la mbele na hataki hata chai. Mama anasema baada yenu wawili hajaona mtoto kama yule. Najua ni rafiki yako tangu utotoni, na kwamba yeye ndiye alikuwa na kaka yako kazini siku ile, kwa hiyo utafurahi kusikia.

Bibi, yule mama mzee wa madam ninayemtunza, ameanza kusahau majina ya wanawe, lakini langu analishika. Ananiita Farasiya. Usiku akinitafuta huita hivyo mpaka nifike, kisha hana la kusema, anataka tu kujua niko.

Jichunge. Kwenye ngazi shika kwa mikono miwili.

Shemeji yako,
Euphrasia Nekesa


Riyadh
Alhamisi, 25 Septemba 2025

Shemeji,

Nina neno, na sijui nilishike wapi.

Jumanne Charles alitukusanya atufundishe jinsi anavyokagua. Alitoa sarafu ya kawaida mfukoni akaanza kugonga bawa la mfano, tik, tik, tik, akisogea kidogo kidogo. Akatuambia tusikilize. Akafika mahali sauti ikabadilika, ikawa nzito, kama kugonga ukuta wenye unyevu. Hapo, akasema, ndani tabaka zimeachana, kama za chapati. Kwa nje hata ukitumia miwani huoni kitu. Akasema bati likipigwa hubonyea, huo ndio uungwana wake, lakini kitu hiki kinaficha. Kitu kizito kikikiangukia, ngozi hurudi ilivyokuwa na uvunjikaji hubaki tumboni.

Shemeji, nilikumbuka klampu. Wenzangu walipokwenda kunywa chai nilichukua riyali moja ya sarafu nikaenda kwenye bawa la kushoto, pale. Tik, tik, tik. Kisha ile sauti nzito. Nikarudia mara nyingi. Ni mahali pa ukubwa wa kiganja changu hiki hiki kilichosema hakuna kitu.

Nilimwuliza Charles, kama mtu anayeuliza tu, kwa nini mabawa haya yanalindwa hivyo. Akachukua kipande cha kadibodi akakishika mbele ya feni. Akasema bawa lililoelekea mbele likipata upepo mkali hupinda ncha juu, na likipinda hupata upepo zaidi, na likipata zaidi hupinda zaidi, mpaka likatike. Kinacholizuia ni zile tabaka peke yake.

Mabawa yote mawili yeye alishayakagua mwezi wa nane, kabla ya klampu yangu. Baada ya hapo hawagongi tena ila mahali ambapo kadi ya zamu inasema pametokea kitu. Kadi yangu inasema hakuna.

Jana rubani alikuja. Wanamwita Kapteni. Ni kijana, labda miaka thelathini na mbili. Alianza upande mmoja wa karakana akatusalimu kwa mkono sote mpaka mwisho, hata mfagiaji, akiuliza kila mmoja ametoka wapi. Nilimpa mkono. Nilikuwa najua na nikampa mkono. Uliuliza kama ana mama. Anaye, alimtaja mwenyewe: yeye ndiye aliyetuma tende tulizokula.

Ataipaisha kwa mara ya kwanza Jumatano tarehe ishirini na mbili Oktoba.

Nikisema, nitaulizwa kwa nini nilitia saini uongo kwenye kitu cha jeshi. Hapa hilo si kosa la kukatwa mshahara. Kuna waliopelekwa kusikojulikana kwa sababu ya picha tu. Nisiposema, wewe unajua.

Kwetu mwenye nyumba ya kwanza, yaani kaka mkubwa, akifa, neno lake hubaki kwa mkewe. Sijawahi kuamua jambo kubwa bila nyumba ya Duncan, hata kuja huku wewe ndiye ulisema niende. Niseme au ninyamaze? Utakalosema nitafanya.

Wesley


Jeddah
Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Shemeji Wesley,

Nyamaza.

Nimesoma barua yako nimesimama barabarani Kandara, nikaisoma tena kwenye ngazi za jengo, na jibu ni hilo. Mama amezika mmoja. Mimi nimezika mmoja. Mitchelle anakuita baba mdogo, na baba yake mwenyewe hana tena. Ukifungwa huku nani atakuona? Sitaruhusiwa hata kufika mlangoni.

Hao watu wana mashine na wahandisi wa vyuo. Wataiangalia tena kabla haijaruka, hawawezi kumpandisha mtu hivi hivi. Na wewe umesikia sauti tu. Wewe ni fundi wa magari, labda umesikia vibaya kwa sababu ya hofu.

Fanya kazi yako, maliza mkataba, urudi nyumbani. Barua hii ichome.

Euphrasia


Jeddah
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Wesley,

Barua ya Ijumaa usiifuate. Kama imefika ichane. Nilikwenda jana kumwomba Myemeni anirudishie, akasema halas, imekwisha, Zablon alishapita Jumamosi, na simu yake haipatikani.

Tangu niiandike sijala vizuri. Bibi aliniuliza kwa nini vifungo vyake vinanishinda nikimvalisha, nikasema baridi. Jeddah, baridi. Akanitazama kama mimi ndiye ninayesahau.

Kuna jambo nililokuficha miaka miwili. Niliahidi kulificha na sasa navunja ahadi. Kaa chini kwanza.

Kaka yako hakuteleza. Ubao wa jukwaa ulikuwa na ufa. Alvin aliuona asubuhi ile. Yeye ndiye aliyeupakia mawe mengi siku iliyotangulia, na msimamizi alikuwa ameshamwonya mara moja. Aliogopa kufukuzwa. Kwa hiyo aliugeuza, upande wenye ufa ukaangalia chini, akasema moyoni kwamba jioni atatafuta mwingine. Saa nne Duncan akapanda.

Alikuja kunieleza miezi kumi na moja baada ya mazishi. Nilikuwa jikoni nakaanga mboga. Alisimama mlangoni, akakataa kuketi, akasema yote bila kupumzika, mboga zikaungua. Mtu aliyebeba jeneza upande wa kichwa. Aliniambia hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Kugeuza ubao ni dakika moja, shemeji. Ile dakika haijaisha."

Nilimwambia asikuambie wewe, nami nikaahidi kunyamaza, kwa sababu niliogopa hasira yako. Ndiyo sababu Alvin hapati usingizi, ndiyo sababu analima shamba la Mama na hanywi chai yake. Unadhani ni wema. Hata mimi najaribu kudhani ni wema.

Na Ijumaa mimi, mjane wa ubao ule, nilikuandikia ugeuze ubao.

Sema, Wesley. Mwambie Charles, mtu mnayeelewana lugha. Mwambie mimi ndiye niliyekwambia unyamaze, kama kusema hivyo kutakusaidia. Nikikupoteza kwa kusema nitalia, lakini nitajua nalilia nini.

Euphrasia Nekesa


Uwanja wa majaribio, nje ya Riyadh
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Shemeji,

Zablon alinipa barua yako ya tarehe tatu Alhamisi iliyopita, alikuwa ametumwa Dammam kwanza. Niliisoma chooni, nikaichoma. Sitakuficha, nilipoliona neno nyamaza mwili wote ulilegea kama mtu aliyetua gunia. Nililala saa nane mfululizo. Ahsante kwa kunibebea.

Mabawa yalifungwa kwenye masanduku yakaletwa huku uwanjani, na sisi wanne tukaletwa nayo kuyafunga na kurekebisha rangi. Huku ni mchanga na upepo, na banda moja kubwa jeupe. Hata zile dakika kumi za Ijumaa hatupewi mpaka ndege iruke. Ikisimama na mabawa yake, shemeji, ni kitu kizuri. Inaonekana kama inataka kuja kwako.

Leo Kapteni alikuja tena kutusalimu, mara ya tatu sasa; ya pili ilikuwa kabla barua yako haijafika. Alipitisha mkono kwenye bawa la kushoto, akauliza nani alilainisha. Wakanionyesha mimi. Akanipa mkono, akasema nimelifanya kama kioo. Kisha akamega tende akanipa nusu. Niliitia mdomoni ikakaa pale, nikashindwa kuimeza mpaka alipokwenda.

Lakini nimekutii. Usiwe na wasiwasi.

Dereva wa chakula wa huku atampa Zablon hii, naye anakuja Jeddah kesho kutwa, atakuletea.

Wesley


Kandara
Alhamisi, 16 Oktoba 2025

Wesley,

Naandika nimekaa dukani kwa Myemeni, Zablon amesimama anakunywa soda ananingojea. Si siku yangu ya kutoka. Myemeni alinipigia kwamba Zablon amefika, nikamdanganya madam kwamba dawa ya Bibi imekwisha.

Barua yangu ya tarehe sita nimeikuta hapa hapa, chini ya mizani. Siku kumi. Nilidhani unayo. Kila siku nilikuwa nikifikiri, leo amesema, leo wamemchukua, na nikiomba wasikupige. Kumbe ulikuwa unalala saa nane kwa sababu yangu.

Zablon alinipa yako ya Jumapili, nimeisoma mbele yake. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni kifo. Akanyoosha mkono, akasema, "Nipe." Hakuuliza cha nani.

Anasema uwanja huo si njia yake, ila Jumatatu kuna chakula cha kupelekwa na atamwomba mwenzake wabadilishane. Jumatatu ni tarehe ishirini. Ndege ni Jumatano. Naweka barua zote mbili kwenye bahasha moja. Soma ile ndefu kwanza.

Sema.

Euphrasia


Riyadh
Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Dada Euphrasia,

Mimi si mtu wa barua, nilikomea darasa la saba na mwandiko wangu ni wa kuku. Lakini uliniambia nikuandikie, kwamba haya si ya kusema kwenye simu.

Nilifika langoni saa tano. Mlinzi alipekua viazi, alipekua mpaka ndani ya gunia la kitunguu, akaikuta bahasha. Akaifungua, akaigeuza, hakuelewa kitu. Akaniuliza ni nini. Nikasema ni ya mjane, inahusu marehemu mumewe. Kwa vile sikuwa nimedanganya sana, uso wangu ulikaa sawa. Akasema Allah yarhamo, Mungu amrehemu, akaikunja vizuri akairudisha kwenye bahasha. Mkono wake ulikuwa na adabu kabisa.

Sasa sikiliza. Nikamwambia ni ya Wesley, yule Mkenya fundi wa rangi.  Akaingia kibandani akapiga simu. Kurudi, akasema Wesley hapokei kitu, barua ataichukua afisa. Na akaichukua. Nikauliza Wesley anaumwa? Mafi mushkila, hakuna shida, akasema, yalla, haya, shusha viazi. Dada, mtu wa huku akisema mafi mushkila bila kukutazama, hiyo ni mushkila.

Wenzake sikuwaona. Nimeshusha viazi nikaondoka. Nisamehe.

Zablon


Jeddah
Ijumaa, 24 Oktoba 2025

Zablon, kaka yangu,

Jumatano imepita. Leo ni siku ya pili na sina habari. Televisheni ya madam iko wazi mchana kutwa. Nimepanguza kioo chake mara ngapi sijui, ili nisimame karibu. Wanaonyesha mpira na mapishi.

Barua ile ina jina langu. Ina jina la Alvin. Ina maneno kwamba mimi ndiye niliyesema anyamaze. Afisa akipata mtu wa kumsomea, nitakuwa nimemfunga Wesley kwa mkono wangu na kujifunga mwenyewe. Kengele ya mlango ikilia Bibi huniambia, Farasiya, fungua, na mimi hukaa nimeshika kitasa nikihesabu mpaka kumi.

Mama alipiga simu kuuliza kwa nini Wesley hapigi Ijumaa. Nikasema mtandao. Siku hizi uongo unanitoka bila kufikiri.

Ukipata hata neno moja, la kwamba yuko hai, nipe hilo tu. Mengine nitangoja.

Euphrasia


Sulay, Riyadh
Jumapili, 2 Novemba 2025

Shemeji Euphrasia,

Simu nimerudishiwa jana tu, lakini nilipokupigia niliweza tu kusema niko hai. Haya mengine mdomo wangu unakataa. Acha niyaandike.

Sikukutii. Hilo ujue kwanza. Jumapili tarehe kumi na tisa asubuhi Kapteni alikuja mara ya nne. Alitusalimu kwa mkono, mmoja mmoja, kama siku zote, na kwangu akashika kwa mikono miwili, akasema niombee Jumatano, kila mtu kwa dini yake. Nikasema nitaomba. Aliondoka, nikaweka chini kopo la rangi. Barua yako ndefu nilikuwa sijaijua. Sikuwa na ruhusa yako. Nilikwenda tu kwa Charles nikamwambia niliangusha klampu tarehe tatu Septemba, kadi niliyotia saini ni ya uongo, na pale panalia vibaya.

 Charles alitoa sarafu akagonga. Alipofika pale akaacha kugonga, akaegemeza paji la uso kwenye bawa. Kisha akaenda kuita watu. Walileta mashine, na kwenye kioo chake doa lilikuwa kama sahani ya chai, kubwa kuliko kiganja. Nilimwuliza mhandisi kama lingekatika. Akasema labda lingestahimili, labda lisingestahimili, na kwamba hakuna anayependa kuligundua akiwa amekaa ndani.

Walinishika saa hiyo hiyo. Siku sita, chumba safi, chakula kizuri, maswali yale yale. Hawakunipiga. Walichotaka kujua ni nani amenituma. Nikasema nilificha kwa hofu na nikasema kwa hofu, wakaona hiyo si sababu ya mtu mzima. Afisa mmoja aliniuliza mara tatu ni nchi gani ilinilipa ili niharibu bawa. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Jumanne barua yako ikaletwa mezani. Hawakuwa na mtu wa kuisoma ila Charles. Wakamweka mbele yangu. Kapteni alikuwepo, na wengine sita. Charles akasoma, akitafsiri kwa Kiingereza sentensi moja moja, kama padri mgeni. Akasoma Bibi na baridi ya Jeddah. Akafika kwenye ubao. Akanitazama kama anaomba ruhusa, nami sikujua ni ruhusa ya nini, kwa hiyo akaendelea.

Nilikuwa sijui, shemeji. Nilijulishwa jinsi kaka yangu alivyokufa kwa Kiingereza, kwa sauti ya Mchaga, mbele ya watu wanane. Nililia mpaka wakasimamisha. Afisa yule aliyekuwa akiuliza nchi gani aliniletea maji mwenyewe. Baada ya hapo hakuuliza tena habari za kutumwa. Ile barua uliyoogopa ndiyo iliwafanya waamini kwamba mimi ni mwoga tu.

Mwingine akauliza huyu mwanamke ni nani, kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, ni nani, kwa kuwa alishauri nifiche. Nikafunga mdomo. Nilisema moyoni, hilo hawatalipata hata wafanye nini. Ndipo Kapteni akazungumza kwa mara ya kwanza. "Mwacheni huyo mama," akasema. "Ni mjane." Likaisha hapo.

Nilidhani amenisamehe. Walipotoka alibaki nyuma, nikasimama, nikamnyooshea mkono. Hakuupokea. Akaniuliza kwa upole, "Ulinisalimu mara ngapi ukijua?"

Nikahesabu. Nikasema, "Mara nne."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei, akatoka. Mkono wangu ulibaki pale pale kwa muda, sikujua nauweka wapi.

Kazi imekwisha. Hawatanifunga. Wananipa ruhusa ya kutoka ya mwisho, ikama, kibali changu cha kuishi huku, wameshachukua, na sitaruhusiwa kurudi huku tena. Tiketi ni ya Jumanne tarehe kumi na moja. Charles alipewa barua ya onyo kwa sababu yangu. Hazungumzi nami, lakini alinitumia blanketi lake. Bawa wanatengeneza jingine.

Sasa nakuuliza tena, na safari hii kweli sijui. Nikifika Webuye Alvin atakuja kunipokea. Ndiye huja siku zote, na baiskeli ya kubebea mizigo. Nifanye nini?

Wesley


Jeddah
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Shemeji Wesley,

Hakuna aliyekuja kuniuliza. Nasema kwanza ili ulale. Kengele imelia mara nyingi, ni mtu wa maji, ni mtu wa gesi, ni dada yake madam.

Umeanza kwa kusema hukunitii. Nimesoma hapo mara nyingi kuliko mahali pengine. Kama ungenitii mimi sijui leo ningekuwa mtu wa aina gani. Nadhani nisingekuandikia tena, na wewe usingejua kwa nini.

Kuhusu Alvin. Nilidhani siku utakapojua ningelazimika kukushika mikono. Sasa siogopi hilo. Akija na baiskeli, mpe mzigo abebe. Usimwulize kitu njiani, na usijifanye hujui pia. Mkifika mwambie Mama awapikie chai wote wawili, na umngojee anywe. Akikunyooshea mkono, upokee. Sisemi umsamehe, hilo hata mimi nalifanya siku moja na kulipoteza siku ya pili. Lakini wewe sasa unajua mkono unavyokuwa ukiachwa hewani, na hilo kijijini hakuna mwingine anayelijua.

Mama usimweleze habari za ubao. Hiyo ni kazi yangu nikirudi, mkataba wangu unaisha mwezi wa nne. Nitamweleza nikiwa nimemshika.

Nimeficha jambo moja la mwisho, nalo ni dogo. Niliposikia kwamba Kapteni alisema niachwe nilifurahi, kisha nikaona aibu. Alinitetea kwa sababu ni mjane. Mkewe, kama anaye, nusura nimfanye kama mimi, kwa neno moja nililoliandika nimesimama barabarani.

Kwa hiyo nimekaa na hesabu yako. Ulimwambia mara nne. Si sawa, Wesley. Mara ya kwanza na ya pili ni zako, ulikuwa bado unaningojea nikujibu, na mtu anayengoja jibu hana budi kusalimu watu. Zile mbili za mwisho, ya tende na ile ya mikono miwili, zilikuja baada ya barua yangu ya tarehe tatu. Mkono ulikuwa wako lakini neno lilikuwa langu.

Hizo mbili usizipandishe ndege Jumanne. Ziache huku, nitakaa nazo mimi.

Shemeji yako,
Euphrasia Nekesa